Kikwembe cha Trekta

Kashindi, mdogo wangu,

Juzi nilimlaza patron wako, tajiri mwenye trekta, chali kwenye matope, na shati lake jeupe, na nilitaka wewe uwe wa kwanza kuelezwa vizuri. Wengine hapa Kasenga wameshasikia, kila mmoja kwa namna yake, na tayari wapo wanaosema nilimpiga. Sikumpiga. Wewe usikie kwangu jinsi ilivyokuwa.

Jina lake sitaliandika. Karatasi hii ni safi, sitaki kuichafua. Nitamwita patron kama ulivyomwita wewe, ingawa wewe ulitamka kwa heshima, nami nikilitamka najisikia kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

Huku nyumbani hatujambo kwa kusema tu. Mama bado anapika bugali ya watu watatu, halafu anakaa anaiangalia ile sehemu yako mpaka inapoa. Akisikia mashine barabarani anainua kichwa. Mimi nimerudi sokoni na ndagala wangu, lakini nimekuwa na mdomo mkali kiasi kwamba wateja wanachagua samaki kimyakimya. Nina hasira, Kashindi. Naamka nayo, nauza nayo, nasali nayo. Kanisani wananiambia niiweke chini. Nawauliza niiweke chini wapi, na patron mwenyewe anapita hapa kila siku ndani ya gari lake.

Unakumbuka uliponinyang'anya uwanja wangu? Nilikuwa na ndagala wa kuanika, wewe ukaja na bamba la chuma kutoka Kalundu, kipande cha meli kuukuu iliyokuwa ikikatwa kando ya ziwa. Ulilipata kwa kutoa baiskeli yako. Nilikutukana siku hiyo. Nilikuuliza ni dereva gani anayetoa miguu yake mwenyewe ili kuvalisha trekta ya mtu mwingine. Ukacheka, ukanijibu mimi dada yako mkubwa, "Yaya, hata trekta inaombaka kikwembe. Haiwezi kuingia mu pori tumbo wazi." Basi kinga ile ya chini ya injini ikapata jina. Mimi nilikuwa nimejifunga kikwembe changu kiunoni, nimesimama juu yako na mwiko mkononi, nikashindwa kuendelea kukasirika.

Halafu ukachukua maboksi yangu ya sabuni. Ulilala nayo chini ya trekta, ukayakata kwa kisu changu cha samaki mpaka yakakaa sawasawa chini ya injini, ndipo ukachora umbo lile juu ya chuma kwa chaki. Makaa yangu yote uliyamaliza kwa kulipasha moto upande wa mbele, ukaugonga kwa nyundo mpaka ukapinda kwenda juu, ili kisiki kikikutana nao kiteleze kwa chini badala ya kunasa. Majirani walilalamika kwa kelele. Jirani yetu fundi wa kuchomelea alitaka kulishikisha bamba moja kwa moja kwenye injini, wewe ukakataa. Ulilifunga kwa bolti kwenye fremu, ukaacha nafasi ya vidole kadhaa kati yake na tangi la oili. Ulinieleza kwamba pigo lazima lipate mahali pa kuishia kabla ya kufika kwenye kitu ambacho hakitengenezeki. Na kwa nyuma ukalirefusha, lifunike pia fimbo za usukani.

Kidirisha ni changu, usikatae. Ulirudi siku moja unanuka moshi, ukasema nyasi kavu zinajaa juu ya bamba, karibu na joto la injini, na kidogo tu ziwake. Nikakuambia hata mbabula yangu ya mkaa ina mahali pa kutolea majivu. Ukanitazama kama mtu aliyeona malaika. Kesho yake ukakata kidirisha pale chini, ukakitia kifuniko chenye bawaba, na kila jioni ukawa unaingiza mkono kutoa takataka kabla ya kunawa na kuja kula.

Kilifanya kazi. Ulirudi kutoka bondeni unanionyesha mikwaruzo mipya kwenye chuma kama mtoto anayeonyesha alama za shule. Madereva wengine walikuja kukitazama. Wakawa wanasema "kikwembe ya Kashindi", na mimi nikajifanya sisikii, huku moyo umejaa.

Halafu binti wa patron akaolewa. Mvua zilikuwa zimekula mtaro mbele ya lango lake kule Songo, na magari ya wageni hayakuweza kuingia. Alitazama huku na huku, akaona chuma chako. Akakuagiza ukitoe, kilazwe juu ya mtaro, magari yapite. Kwa sherehe tu, alisema. Ulikitoa mwenyewe, kwa sababu ulikuwa mtu wa kutii. Sherehe ikaisha, wageni wakaenda, kikwembe kikabaki palepale, maana gari lake nalo lilikuwa limezoea. Ulimkumbusha. Ulirudi hapa ukaketi juu ya ndoo yangu, ukaniambia amejibu, "Wende tu pole pole, ile pori haiko mubaya." Nikakuambia usiende. Ukasema wakulima wa bondeni waliokodi trekta wanasubiri, mvua haitawangoja.

Kisiki kilikuwa kimejificha ndani ya majani. Kilipiga fimbo ya usukani kwa chini, mahali palepale ulipokuwa umefunika, ikachomoka, na trekta ikaenda inakotaka mpaka kwenye mfereji wa maji. Ikapinduka juu yako.

Nimeandika. Sikudhani ningeweza kuandika maneno hayo, lakini nimeyaandika.

Yeye alileta sanduku la kukuzikia, zuri, lenye vishikio vinavyong'aa. Alileta mchele. Watu wakamshukuru. Na wakati tunakula mchele wake, akawa anawaambia watu pembeni kwamba maskini Kashindi alinuka lutuku asubuhi ile. Lutuku! Wewe ambaye hata pombe ya harusi ulikuwa unampitishia jirani. Maneno yale yalitembea kwa pikipiki. Yalifika soko, yakafika kwaya yako, yakafika kwa Mama kabla hajamaliza kulia. Alinishika mkono akaniuliza taratibu, "Mutoto wangu alikuwa anakunywaka?" Kashindi, hapo ndipo niliapa. Kifo ningemwachia Mungu. Lakini kumfanya Mama aulize swali lile, hilo lilikuwa langu.

Nilinyamaza mpaka siku ya kuondoa kilio. Unajua desturi yetu. Watu wameshakula, nguo zako zimeshagawiwa, Baba Mudogo anasimama na kuuliza kama kawaida, "Muntu mwenye iko na kitu ya marehemu kwake, aseme hapa mbele ya bantu." Kwa kawaida anajitokeza mtu na koleo, mwingine na koti aliloazima, watu wanapiga makofi, basi. Patron alikuwa amekaa mstari wa mbele, kwenye kiti cha mto. Nilimtazama. Alikuwa anachokonoa meno yake kwa kijiti.

Nikasimama. Nikasema, "Iko kitu moja. Iko Songo, mbele ya lango ya patron. Motokari yake inapitaka juu yake kila asubui."

Nikaeleza yote. Baiskeli, chuma, harusi, kisiki kilipopiga. Sikulia hata kidogo, nilikuwa nimejiandaa. Madereva wenzako walikuwa pale, na kadiri nilivyoendelea waliacha kunitazama mimi wakamtazama yeye. Akatabasamu. Akaniambia, "Mama Neema, ile chuma ni kitu kidogo. Siku moja mutatuma muntu aikamate." Nikamwambia siku yenyewe ni leo. Tukaenda kwa miguu mpaka Songo, na nguo za kuondolea kilio, wanaume wa kwaya yako wakalinyanyua bamba kutoka kwenye mtaro na kulibeba begani. Lilikuwa limekaukiwa na matope ya matairi yake. Nililiosha mimi, uwanjani, kwa maji na mchanga, na hapo ndipo nililia.

Nilitaka kulitupa ziwani. Nakuambia ukweli. Trekta alikuwa ameshaitengeneza, na nilitaka iingie porini tumbo wazi, ivunjike, ivunjike tena, mpaka hasara immalize patron. Lakini akaja Fideli, dereva mpya, yule kijana wa upande wa mtoni anayeongea Kirundi na mama yake. Nilikuwa namchukia bila sababu, kwa kuwa ameketi kwenye kiti chako. Alisimama pale penye samaki, kofia mkononi, akasema, "Yaya, minye niko na batoto. Bila kikwembe ya Kashindi sitapanda, lakini akinifukuza tutakula nini?" Aliniita Yaya. Sikuwa nimesikia neno hilo tangu uende. Ikabidi nifikirie upya.

Madereva wengine nao wakakataa. Msimu ukawa unafika, wakulima wale wakawa wanamfuata patron mpaka nyumbani, trekta imesimama. Mwishowe akaja mwenyewe kwa Baba Mudogo, na maneno ya kununua. Nilimkatiza kabla hajamaliza. Nikasema kikwembe hakiuzwi, ni mali ya marehemu, kitaazimwa kwa trekta. Na sharti ni moja. Atakayekifunga ni yeye, kwa mikono yake. Na kila kitakapotolewa ili kumwaga oili, atakayekitoa na kukirudisha ni yeye, na mimi nitakuwepo. Baba Mudogo alikohoa, alitaka nipunguze. Sikupunguza.

Basi juzi. Kulikuwa kumenyesha. Madereva walikuja, na watu wa kwaya, na Mama nikamletea kiti. Patron alivua saa, akavua viatu vyake vya ngozi, akalala chali akajiburuza mpaka chini ya injini. Bamba lilikuwa juu ya jeki, juu ya kifua chake. Jeki nilishika mimi. Fideli alitaka kushika, nikamwambia akae.

Unajua kile kiskurubu cha pembeni, kile kinachoishusha jeki. Ulinionyesha siku ulipofunga kikwembe mara ya kwanza, wewe ukiwa chini. Ulisema, "Yaya, pale usiguse, minye niko humu." Juzi niliweka vidole vyangu pale.

Nilimwambia aseme. Akauliza aseme nini. Nikamwambia anajua. Akasema kitu kwa sauti ndogo, nikamwambia Mama hajasikia. Nikakigeuza kiskurubu kidogo, kidogo sana, bamba likashuka mpaka likagusa vifungo vya shati lake. Miguu yake ilikuwa nje, soksi zikawa zinachimba matope. Hakuna aliyenizuia. Mpaka leo najiuliza kwa nini hakuna aliyenizuia.

Akasema, na safari hii alipaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara: "Kashindi hakukuwa mulevi. Chuma ni minye niliitosha ku trekta. Minye ndiye nilimutuma mu pori."

Mama alifunika uso kwa kikwembe chake. Sijui kama alilia au alishukuru.

Nikapandisha jeki tena. Akafunga bolti, moja baada ya nyingine, spana ikimponyoka mikononi, Fideli akimwelekeza kwa upole ambao mimi sina. Hakuna aliyemsaidia kutoka. Alipotoka mgongo wote ulikuwa matope, na alitembea mpaka kwenye gari lake bila viatu, maana alivisahau. Vipo hapa. Sijavirudisha.

Jana Fideli ameingia porini. Jioni alipita kuniambia visiki viwili vimekwangua na kupita. Nilimpa ndagala wa watoto wake.

Sasa wote wananiambia imetosha. Mchungaji amekuja, amekaa, amekunywa chai, amesema mtu amekiri hadharani, nini kingine nataka. Hata Mama anasema nimwache. Wanadhani nilipopandisha jeki nilikuwa nimesamehe. Nilipandisha kwa sababu ya Fideli, na kwa sababu chuma ni kazi yako na sikutaka damu ya mtu yule ikauke juu yake. Msamaha haukuwa pale. Nimeutafuta kwa ajili ya Mama, sijauona.

Lala salama, Kashindi. Jina lako ni safi tena, kwaya wameliimba leo Jumapili. Nakuahidi kikwembe chako hakitafunika mtaro wa mtu tena, na hakuna dereva atakayepelekwa kule bila hicho nikiwa hai. Na nakuahidi jambo la pili. Trekta ikifanya kazi, oili huchafuka, lazima imwagwe. Kila mara atalala pale chini, na kila mara nitatoka sokoni nije kushika jeki, vidole vyangu palepale. Ananiuliza kwa macho kama nitaendelea kushika vizuri. Sijamjibu, na wewe pia sitakudanganya: sijui.

Yaya wako