Ayoub na mama wa mwani

Nassra shoga, unakumbuka jirani yangu Bi Muzdalifa alivyowahi kuniuliza ukutani pale, "Huyo mwanao anajua kuzungumza na watu, au na kompyuta tu?" Nilimnunia wiki nzima. Leo nnaona alisema kweli.

Bi Kidawa, mkubwa wa ushirika wa mwani, katoka Paje kuja kuitazama programu ya kuhesabu siku za kazi aliyowatengenezea Ayoub. Angeikubali, ndiyo kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo.

Ayoub shikamoo kaitoa huku macho yamo kwenye kompyuta. Astaghfirullah, na nimemlea mimi.

Bi Kidawa akaishika simu ya Ayoub yenye hiyo programu, akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbona inasema wanawake wangu wamekosa kazi siku sita?"

"Kwa sababu hawakwenda shambani."

"Yalikuwa maji mafu, baba. Bahari haikauki, tutaingia vipi? Sisi twenda na bamvua, maji yakikauka mbali. Ungetuuliza."

Ungetuuliza! Kamfungulia mlango, shoga. Alitakiwa aseme tu, "Samahani, nieleze." Nnamkonyeza, nnamkonyeza tena.

Unajua kajibu nini? "Programu haina kosa. Nyinyi ndio hamjaielewa."

Hamjaielewa! Mtu ana miaka thalathini ndani ya maji yale.

Nikamwambia, "Ayoub, mtake radhi mama yako huyu."

"Mama, haya mambo huyajui."

Nshachoka, Nassra. Wallahi nshachoka.

Bi Kidawa akaiweka simu juu ya meza taratibu, akajitanda mtandio wake, akavaa viatu mlangoni, akatoka, akarudi zake Paje.