Gemu Isiyosema na Pedali za Mwalimu

Jumatatu, 3 Juni

Mama Mkunga amefeli tena jaribio la udereva. Mara ya pili!

Kwangu anaendesha vizuri mpaka naanza kujisifu. Leo kaenda na mtahini — yule tunayemwita Jiwe, maana hafungui mdomo ila kusema "kushoto", "kulia", "simama" — gari likamzimikia tena kwenye mwinuko wa getini na kurudi nyuma. Basi. Liliporudi uwanjani Jiwe ndiye alikuwa kwenye usukani, Mama Mkunga kiti cha abiria. Sisi walimu tunaosubiri kwenye benchi hatuulizi matokeo. Tunaangalia nani kashika usukani.

Ana miaka ishirini na mbili ya kuzalisha. Sasa wamempa kliniki ya kuzunguka: gari moja, vifaa vyake, awafuate wajawazito wasioweza kufika hospitali. Sharti ni moja, aendeshe mwenyewe. Mwezi ukiisha hana leseni, nafasi anapewa mwingine. Jaribio la mwisho ni tarehe 19.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nimekuja nyumbani nikawa nao mimi.

Jumatano, 5 Juni

Mdogo wangu kaja na kompyuta ya baba. Ile nene, yenye mgongo! Yeye ni fundi wa hizo kazi, kaitoa kwenye boksi na kuifufua. Kaiweka juu ya meza ya kulia, kaiwasha, kasogea pembeni kuniangalia uso.

Veranda. Mvua. Mlango uliofungwa nusu.

Nilipiga kelele kama mtoto. Gemu yetu! Unamtafuta fundi saa aliyepotea ndani ya nyumba ya vyumba arobaini, na hakuna anayekuambia lolote. Hakuna mshale. Hakuna orodha ya kazi. Hakuna sauti ya "sasa nenda kule". Unasimama verandani mpaka akili ikujie.

Tulikwama kwenye chumba cha kengele tatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye kumi. Tulizigonga kengele kwa kila mpangilio, tukaandika kwenye daftari la hesabu, nikala kofi la baba kwa sababu ya daftari. Mlango wa chuma wa chumba hicho haukufunguka. Halafu baba akahamishwa kikazi, kompyuta ikaingia kwenye boksi.

Mdogo wangu anasema kosa si letu. Gemu za zamani zilikuwa na uchoyo wa maelekezo, ndiyo maana watu wakakata tamaa. Za leo zinakuonyesha njia. Nimemuunga mkono asilimia mia. Mimi hapa nalipwa kuelekeza! Aliyetengeneza gemu hii asingemaliza hata wiki kwenye shule yetu ya udereva.

Alhamisi, 6 Juni

Kipindi na Mama Mkunga, saa mbili asubuhi. Safi. Mwinuko wa stendi kapanda mara tatu, hakutetereka. Sasa kwa Jiwe anapatwa na nini?

Njiani kanikatiza. Kauliza, kwa adabu zote: "Mwalimu, kwani wewe huwa unapumua saa ngapi?"

Nimecheka. Nikasikiliza nilichokuwa nasema. Kioo, indiketa, gia ya pili, klachi taratibu, taratibu nimesema, huyo wa baiskeli umemwona, haya, kioo tena. Kweli mdomo wangu haulali.

Anasema wakunga wageni kazini wako hivyohivyo. Wanamwimbia mzazi sukuma, sukuma, mpaka mama wa watu anasahau mwili ni wake. "Kazi ngumu kuliko zote, mwalimu, ni kunyamaza mwenzio akiwa anafanya."

Nikamwambia mzazi hana lori nyuma yake linalopiga honi. Kasema nije siku moja wodini nijionee.

Jumamosi, 8 Juni

Mchana mzima kwenye gemu. Jirani kaja kuazima pasi kanikuta nimekunja uso, akadhani nina msiba.

Nimerudi chumba kilekile, kengele zilezile. Nimezigonga zote. Nimebofya kila jiwe la ukuta, zulia, picha ya babu mmoja aliyekaa kwenye kiti mikono magotini. Hakuna kitu.

Kibaya zaidi nimekigundua leo: jikoni kuna kamba. Ukiitumia kufungia dirisha linalogongagonga, gemu inakuacha uendelee. Vyumba kumi na tano mbele unakuta kisima, na hakishukiki bila kamba. Yaani ulishashindwa zamani na hakuna aliyekuambia! Ulikuwa unatembea tu, unafurahi, unafungua milango, kumbe mwisho umeshafungwa. Hiyo si gemu ngumu. Huo ni ukatili. Ikabidi nianze upya.

Nimempigia mdogo wangu nimfokee. Kasema ndani ya boksi la dukani kulikuwa na kijitabu, na kilionya kuhusu kamba. Sisi yetu ilikuwa nakala ya nakala ya rafiki yake baba. Maelekezo yalibaki kwa aliyenunua.

Sawa. Lakini bado kamba inaniuma.

Jumanne, 11 Juni

Sijui niandike vipi hili.

Fundi magari wetu kaniita uani. Gari langu lilikuwa juu ya jeki, kavua pedali za upande wangu — klachi na breki, zile za mwalimu za kuzuia ajali. Kaziweka chini kwenye gazeti, pembeni kaweka za mwanafunzi. "Hebu angalia mwenyewe, dada."

Mpira wa breki ya mwanafunzi una mistari yake yote. Wangu umekwisha. Umelainika katikati mpaka chuma kinachungulia.

Kwa miaka thelathini hajaona, anasema. Magari ya walimu wengine, za mwalimu ni mpya kila siku, maana hazikanyagwi ila hatari ikitokea. Akacheka: "Sasa hapa dereva nani?"

Nami nikacheka. Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikasimama humo. Kwa sababu nimekumbuka. Mwinuko wa stendi. Mama Mkunga anatafuta klachi, na mguu wangu wa kulia — bila mimi kuutuma! — uko kwenye breki, umelishika gari. Kila mara. Mara zote. Anaondoka bila kutetereka kwa sababu mimi nimemshikia.

Hajawahi kupanda mwinuko hata mmoja. Yeye hajui. Mimi pia sikujua, lakini mimi ndiye mwalimu.

Jumatano, 12 Juni

Sijamwambia. Nimesema gari liko kwa fundi, tutaonana Ijumaa. Kaniamini.

Siku saba zimebaki. Nikimwambia ataogopa. Nisipomwambia, ataenda kwa Jiwe akiwa anajua mwinuko anauweza.

Nimefunga dirisha kwa kamba yake, nimemfungulia milango, nimempigia makofi. Mimi huyohuyo niliyemfokea mdogo wangu Jumamosi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwambia. Tulikuwa tumekaa ndani ya gari uani, injini imezimwa. Mahali pangu pa kuweka miguu palikuwa patupu, waya tu. Kauliza pedali ziko wapi. Nikazitoa kwenye mfuko wa nailoni, nikamwekea mapajani. Maelezo niliyoyapanga njia nzima yaliyeyuka, nikasema tu: "Ni mimi niliyekuwa naushika mwinuko. Si wewe."

Alipapasa ule mpira kwa kidole gumba. Muda mrefu. Mtu aliyezoea kupapasa na kujua.

"Kwa hiyo nimefeli mara mbili kwa kitu ambacho sikuwahi kufundishwa."

Nikasema ndiyo.

"Na ulikuwa unaniambia safi."

Nikasema ndiyo. Aibu iliyonishika sitaki kuisahau.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kafungua mlango, kaenda kusimama kwenye bomba la kuoshea magari, kanipa mgongo. Nilikuwa na maneno kama mia ya kumwambia. Nikayameza. Kama dakika kumi hivi.

Alivyorudi kaniuliza, uani kwetu kuna mwinuko? Nikamwonyesha ule wa kuoshea magari. Mfupi lakini mkali. Bosi keshasema gari bila pedali zangu lisitoke barabarani, basi tutafanyia humohumo. Kasema Jumatatu saa moja, kabla ya zamu. Hakuniaga.

Jumapili, 16 Juni

Mlango wa chuma umefunguka!

Naapa sikufanya kitu. Nilikuwa chumba cha kengele, nimegonga weee mpaka nimechoka. Mara mvua ya kweli nje. Nikakimbia kuanua nguo, mashuka mawili na sare zangu, nikazikunja kabisa. Nikarudi na chai — mlango uko wazi. Kengele ya katikati ilikuwa bado inacheza.

Nikarudia kwa makusudi. Ukiingia, usiguse chochote. Kaa. Ikipita kama dakika tatu unasikia saa ndani ya ukuta, tik, tik, halafu kengele zinajigonga zenyewe. Fundi saa kaitega hivyo. Kila ukigusa kitu, inaanza kuhesabu upya. Utoto wetu wote tulikuwa tunaianzisha upya!

Na yule babu kwenye picha. Mikono magotini. Ameketi hapo miaka yote hiyo anatuelekeza.

Nikampigia mdogo wangu. Badala ya kufurahi kakasirika. Nani mwenye akili zake atakaa dakika tatu bila kugusa? Picha moja ukutani, hayo ndiyo maelekezo? Amedai arudishiwe utoto wake. Nikamwambia picha ilitosha, sisi ndio hatukutulia. Kaniuliza tangu lini nimehamia upande huo, si juzi tu nilikuwa nalia na kamba?

Kwenye kamba bado nalia. Chumba cha kengele kilituacha tuhangaike lakini hakikutudanganya. Kamba ilitudanganya. Mimi kwa Mama Mkunga nilikuwa kamba, tena kamba yenye mdomo.

Mdogo wangu kasema nikapumzike.

Jumatatu, 17 Juni

Gari limezimika mara kumi na moja mfululizo. Nimehesabu kwa vidole kwa sababu sikuwa na kazi nyingine.

Nilimwambia vitu viwili tu, vile ambavyo sikuwahi kumfundisha. Kwanza: shika breki ya mkono. Pili: achia klachi mpaka gari litake kwenda, pua inainuka kidogo, hapo ndipo uachie mkono. Basi. Nikavua viatu, nikakunja miguu juu ya kiti kama niko mkekani. Fundi alipita na ndoo yake, akatutazama, akaenda zake.

Mara ya tano gari lilirudi nyuma mpaka likagusa matairi mabovu ya ukutani. Nilikuwa nimeuma mkanda wa begi langu. Akanitazama nikadhani anataka msaada. Nikafungua mdomo.

"Usiseme."

Nikafumba.

Mara ya tisa nikaona nisimame nje, labda namsumbua kwa kukaa pale. Nikashika mlango. Akanizuia: "Mwalimu, nimekuambia nyamaza. Sijakuambia uondoke."

Nikakaa.

Mara ya kumi na mbili pua ikainuka. Akasubiri. Akaachia mkono. Tukapanda — mwinuko mzima, mita labda nane! — tukasimama juu, mbele ya bomba. Akazima injini mwenyewe, akalaza kichwa kwenye usukani. Sikupiga makofi. Sikusema safi. Machozi yalinitoka tu, yeye hakuyaona, au aliyaona akaniachia.

Kisha kashuka kinyumenyume, kajaribu tena. Likazimika.

Jumanne, 18 Juni

Pedali zangu zimerudi. Mipira mipya, myeusi kabisa, mistari yote. Fundi kaniambia akiiona imelainika kabla ya mwaka ataninyang'anya gari.

Mama Mkunga kapanda mara kumi. Sita amefaulu. Nne limezimika. Hiyo ndiyo hesabu, sikuipamba, na yeye hakuomba niipambe.

Jumatano, 19 Juni

Benchi la uwanja wa majaribio. Saa nne kamili. Nimekuja na daftari hili, maana nikikaa bure nitaongea na kila mtu.

Ameondoka na Jiwe dakika kumi na tano zilizopita. Kabla ya kuingia kaniangalia kama mtu anayesubiri maelekezo. Nilikuwa nayo! Kioo, mkanda, usisahau mkono. Nikaweka mikono magotini. Akacheka kidogo — nilimsimulia habari za yule babu jana — akaingia.

Jiwe sasa kakaa kiti changu, pedali zangu chini yake. Akizigusa tu, umefeli.

Saa nne na dakika ishirini na mbili. Gari letu limetokeza kwenye kona. Jua limepiga kioo cha mbele, sioni nani kakaa wapi.

Limefika chini ya mwinuko wa getini. Limesimama! Kuna lori la mchanga linatoka. Yaani leo, saa hii, lori. Kama anayeendesha ni Jiwe, basi tena. Kama ni yeye, mwinuko wote uko mbele yake na hakuna wa kumshikia.

Lori limepita. Gari bado limesimama pale.

Mwalimu mwenzangu wa pembeni kaniuliza ardhi imenikosea nini. Nimetazama chini. Mguu wangu wa kulia umekandamiza changarawe mpaka kiatu kimezama.

Nimeuinua. Nimeukunja juu ya benchi.

Injini naisikia kutoka hapa. Pua inainuka.