Nilimwandikisha Mume Aliye Machimboni

Mama Kauthar, shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu hili siwezi kulisema kanisani wala kisimani. Ninaishi kata ya Busawe, majina nimebadilisha, nina watoto watatu, mume wangu Method alifuata rashi, watu wanavyokimbilia dhahabu mpya, huko Tarime tangu mwaka juzi, ana duara, shimo analochimba na wenzake, na mwezi wa tatu baba yake, mzee Matiko, akapata kiharusi upande wote wa kulia, na mama mkwe alishafariki, na wanaume wa hapa karibu wote wako machimboni, sasa nani amwogeshe? Kwetu mkamwana hata chumbani kwa baba mkwe haingii, sembuse kumvua nguo, lakini siku ya tatu alikuwa amejichafua na nzi wamemjaa, Mama, nikaingia nikamwosha, na ninamwosha mpaka leo mlango umefungwa, watu wanadhani ni jirani yetu mzee Nyangwine anayekuja. Kusema hawezi, anafumba macho tu mpaka nimalize, anainua ule mkono mzima nipitishe kitambaa, nami naogopa labda ananilaani kimoyomoyo.

Sasa halmashauri imeleta mpango wa kusaidia wanaouguza ndugu zao nyumbani, unafundishwa zahanati siku mbili, mhudumu wa afya wa kiume anakuja asubuhi tatu kwa wiki, na kazi za kijiji za msaragambo unasamehewa. Walipokuja kuandikisha wakauliza nani anamhudumia mzee, na wifi yangu Nyangi alikuwa amesimama pale pale, na jirani haandikishwi, nikajikuta nasema, "Ni Method." Wakaandika Method! Mtendaji wa kata sasa anasema Ijumaa ya wiki ijayo Method afike asaini, asipofika nafasi inakwenda nyumba nyingine, na nilipompigia akacheka, akasema binamu yake Selestine, anayechimba naye, aende ajifanye yeye. Nikisema ukweli nitaaibika, nikinyamaza nitakosa msaada, na mgongo wangu umekwisha kabisa. Nifanyeje?

Winfrida

Marahaba, Winfrida. Pumua kwanza, mwanangu. Barua yako niliisoma hapa dukani nikasahau kuna mteja amesimama.

Nimempigia afisa wa ustawi wa jamii, sikumtajia jina wala kata. Jina linabadilishwa pale pale mezani, na hufutwi. Tena akaguna, akaniambia wewe ni wa tano mwezi huu, na wote watano ni wakamwana walioandikisha waume walio shimoni! Nikamwambia basi hilo ni kosa la fomu yenu. Mnauliza mbele ya ukoo mzima, mlitegemea nini? Ulizeni kando, na msiulize nani anahudumia, ulizeni nani anamgeuza mgonjwa kitandani. Amesema atalipeleka kwenye kikao. Nitamfuatilia, ananijua.

Sasa wewe nikugombeze. Selestine asisogee! Atafundishwa yeye namna ya kumgeuza mgonjwa, arudi zake machimboni, nawe ubaki na mgongo huo huo. Na Method anacheka nini? Mwambie nimesema huyo ni baba yake.

Kuhusu laana, hebu acha. Mtu anayekulaani anakukazia macho. Mzee huyu anafumba ili usione haya, na mkono anakuinulia. Hana heshima nyingine ya kukupa kwa sasa, anakupa hiyo. Nilipofika hapo nililia, sikufichi.

Fanya hivi. Kabla ya Ijumaa mwambie Nyangi wewe mwenyewe, asije akasikia kwa mtendaji. Akipiga kelele, mwulize siku ile ya tatu alikuwa wapi. Wazee wakitaka kuitakasa nyumba kwa mila yenu, waache watakase, usibishane nao. Ijumaa nenda na balozi wenu wa nyumba kumi, useme, "Anayemwuguza ni mimi," utie sahihi yako. Mafunzo uhudhurie siku zote mbili, Nyangi abaki na watoto.

Na asubuhi ya kwanza mhudumu akifika, mwoneshe maji yalipo, mwoneshe na sabuni, utoke uvute mlango. Usichungulie. Nenda kalale.