Baba, Zile Tende Zilikuwa Kosa Langu

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nimekaa jikoni kwangu na mikono yangu bado ina mafuta ya korosho, kwa hiyo usishangae ukiona karatasi ina madoa. Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike. Barua hii naiandika wazi, aisome atakaye, kwa sababu kuna jambo nililificha ukiwa hai, nawe ukanifichia. Sitaki kuendelea kulificha.

Wasiokujua niwaambie kwanza ulikuwa nani. Ulikuwa mpishi wa halwa hapa Malindi tangu kabla mimi sijazaliwa. Mtu akiozesha binti, akirudi kutoka Makka, akifutari na wageni, halwa ilitoka kwako. Ulisimama mbele ya ile sufuria kubwa ya shaba kwa saa tatu, hata nne, unakoroga bila kupumzika. Mimi na kaka Salim tulikua tukiijua harufu ya iliki na samli kwenye nguo zako kabla hatujajua kusoma. Salim ulimfundisha kazi. Mimi uliniambia, "Zuhura mwanangu, mkono wako hauna nguvu ya mwiko huu, wewe soma." Nikasoma, nikawa mwalimu wa chekechea, na halwa nikaiacha kwenu.

Kisha ukaja ugonjwa wa sukari. Nakumbuka tulivyokaa kwenye benchi la kliniki, wewe na kanzu yako ya Ijumaa, na Sista Kadzo, muuguzi kutoka Kaloleni, akikutazama usoni bila kupepesa.

"Mzee wangu, halwa basi."

"Basi kuanzia lini?"

"Kuanzia sasa hivi."

"Na kuonja je? Nisipoonja nitajuaje kama imeiva?"

Sista akacheka, lakini hakubadilisha neno. Kesho yake ukaenda dukani kwako, ukaonja. Keshokutwa ukaonja tena. Tulipokuja kushtuka, macho yalikuwa yameingia ukungu, na kile kidonda cha mguu kilikuwa kimekataa kufunga. Duka akalichukua Salim, na wewe nikakuleta hapa kwangu.

Kilichokuuma zaidi hakikuwa mguu. Ilikuwa ile saa ya kahawa baada ya alasiri. Kikombe kinakuja, na kando yake hakuna kitu. Ulikuwa unapapasa sinia kwa vidole, unalikuta tupu, unavuta pumzi, halafu unakunywa kahawa yako hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nakuangalia kutoka mlangoni na roho inaniuma. Nikaapa kwamba nitakutafutia kitafunio ambacho hakitakudhuru.

Nikasikia kwa walimu wenzangu kuhusu vipande vya tende na njugu ambavyo watu wanavitengeneza nyumbani, havipikwi, havitiwi sukari hata kijiko. Nikasema hapa ndipo. Nikanunua tende, nikazitoa kokwe, nikazitwanga kwenye kinu, nikachanganya na njugu kidogo, nikazitandaza kwenye sinia, nikazikandamiza na kuzitia kwenye friji. Alasiri nikakata vipande na kukuletea.

Ukakishika kipande, ukakigeuza, ukakibinya.

"Hiki nini, tofali?"

"Kitafunio, baba. Hakina sukari."

"Kimepikwa wapi?"

"Hakikupikwa. Kimekaa tu kwenye friji."

"Kitu kisichoona moto wewe unakiita chakula!" Ukakitia mdomoni kama mtu anayetia dawa. Ukatafuna. Halafu ukasema, "Leta kingine."

Baba, sijui kama uliwahi kujua furaha niliyoipata siku ile. Maisha yangu yote sikuwahi kukutengenezea kitu ukasema leta kingine. Nikakuletea cha pili na cha tatu. Kesho yake nikatengeneza sinia zima, nikaliweka mezani karibu na kitanda chako, nikaenda kazini nikiimba. Nilijiambia, tende ni tunda, ni chakula cha baraka, zitamdhuru vipi?

Siku ya tatu nilirudi saa nane mchana nikakukuta umelala ubavu, midomo imekauka kama karatasi, mtungi wa maji mtupu, na ulikuwa unaniita kwa jina la marehemu mama. Nilikutikisa na hukunitambua. Sinia lilikuwa limebaki vipande viwili.

Hospitalini daktari aliuliza, "Mzee amekula nini siku hizi?"

Nikasema, "Uji na samaki, kama kawaida."

Ulimi wangu huu ndio uliosema hivyo. Na Salim alipofika mbio, shati limelowa jasho, akaniuliza imekuwaje, nikamwambia, "Labda amesahau vidonge." Nilijua hukusahau. Nilikuhesabia mwenyewe asubuhi ile na kukutilia mkononi. Lakini nilimwogopa kaka yangu, nikaogopa pia kujitazama.

Ulipopata nafuu, Salim alisimama kando ya kitanda chako, mbele ya wagonjwa na wageni wao, akakugombeza. "Baba, wewe si mtoto! Vidonge tu vinakushinda?" Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda, nimeinamisha kichwa. Ukageuza uso upande wangu. Macho hayakuwa yakiona vizuri, lakini nilihisi umeniona. Ukamwambia Salim, "Nisamehe, mwanangu. Nilisahau."

Hukusahau, baba. Ulibeba lawama yangu mbele za watu, wewe ambaye hapa mjini watu walikuwa wakisimama ukipita.

Tulipobaki wawili, nikaanza kulia. Ulinipa kona ya shuka lako nifute machozi. "Sasa nenda kamwambie Sista kweli yote," ukasema. "Yeye anatibu, haifai adanganywe. Salim utamwambia siku utakayoweza."

Nilikwenda kwa Sista Kadzo. Hakunipigia kelele, na pengine angenipigia ingekuwa rahisi zaidi. Alichukua tende moja akaiweka kiganjani mwangu. "Mwalimu, sukari haikai kwenye mfuko wa duka peke yake. Hii nayo ni sukari. Ni nzuri, ina faida yake, lakini mgonjwa hali sinia la sukari eti kwa sababu imetoka kwenye mti." Halafu akaniambia kinachowezekana: tende chache, korosho na ufuta kwa wingi, kipande kimoja cha upana wa kidole, baada ya chakula, na tuendelee kupima.

Mimi nilikwisha kata tamaa. Nilikuambia sitatengeneza tena, nitakununulia matango uyatafune. Ulikuwa umeketi barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Ukaniambia, "Sufuria yangu ya kwanza ya halwa iliungua yote. Babu yako hakunipiga wala hakunipoza. Aliniambia, osha sufuria. Basi na wewe kaoshe kinu, uje tuanze."

Nikaosha kinu.

Wiki ile nilijifunza kwako zaidi ya miaka yote niliyokaa nyumbani mwako. Nilipopunguza tende, vipande vilikataa kushikana. Vilimomonyoka kama ukuta wa udongo kwenye mvua. Nikajaribu nazi mbichi iliyokunwa, ikashika kidogo, lakini siku ya pili ikachacha. Nikajaribu kukandamiza kwa nguvu, nikaweka juu yake jiwe la kusagia. Wapi! Nikikata tu, unga.

Ulitaka nikutilie konzi moja mkononi. Ukaifumba, ukaifumbua, ukaisikiliza ikimwagika kwenye sinia.

"Zuhura, halwa inashikana kwa nini?"

"Kwa sukari na wanga."

"Na nini tena?"

"Samli."

"Basi tafuta samli ya hiki kitu chako. Korosho umezitwanga vipi?"

"Mpaka zikavunjika."

"Ukaachia hapo? Rudi kwenye kinu. Zitwange mpaka zitoe mafuta. Usipumzike."

Nikatwanga. Mkono ukauma, nikabadilisha mkono. Korosho zikawa chenga, chenga zikawa unga, na nilipokuwa karibu kuacha, unga ukaanza kung'aa na kujikusanya wenyewe kandokando ya mchi. Nikachanganya na tende zangu chache, ufuta, nazi niliyoianika ikakauka, iliki, na chumvi kidogo sana uliyoitia wewe mwenyewe kwa vidole viwili. Nikakupa konzi. Ukafumba, ukafumbua. Ikakaa kiganjani, nzima, na alama za vidole vyako juu yake.

"Naam," ulisema. "Sasa umekuwa mpishi."

Sitamdanganya anayesoma hapa. Vipande vile havikukuponya. Dawa zilibaki dawa, na mguu uliendelea kukutesa. Lakini ile saa ya kahawa ulirudishiwa, kipande kimoja kila siku, ukikimega mara nne ili kidumu. Tulipima kila asubuhi na sukari haikuruka tena kama ile siku. Miezi kumi na moja tulikaa hivyo, mpaka moyo wako ulipochoka, ukatuaga ukiwa umeketi barazani, kabla ya adhuhuri.

Sasa nikueleze ya baada yako.

Kabla ya Ramadhani iliyopita nilipita dukani kwa Salim nikaona jambo nililolijua. Alikuwa na chupa kubwa ya maji kando ya sufuria. Alikunywa nusu, akakoroga, akamaliza iliyobaki. Alitoka nyuma kujisaidia mara mbili nikiwa nimekaa pale pale. Na mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya, kwa kukonda. Na anaonja, baba. Anaonja kama wewe ulivyokuwa ukionja, kijiko kizima.

"Kaka, twende kliniki ukapime."

"Mimi mzima, Zuhura. Ni joto la moto huu."

"Baba naye alisema joto."

"Baba alikuwa hanywi vidonge vyake. Angekunywa, asingefika pale. Mimi si msahaulifu kama baba."

Nilisimama. Dukani kulikuwa na wateja wawili, na nilijua nikisubiri watoke nitasubiri maisha yangu yote.

"Baba hakusahau vidonge hata siku moja. Ni mimi niliyemlisha sinia zima la tende. Daktari nikamdanganya, na wewe nikakudanganya. Baba akanifichia. Ulimgombeza baba kwa kosa langu."

Mwiko wake ulisimama. Wewe unajua, mwiko wa halwa hausimami. Akanitazama, akatazama sufuria, akaanza kukoroga tena, polepole. "Ngoja hii ishuke motoni," alisema. Nikaketi nikangoja. Sikutoka pale. Ilipoiva aliimimina, hakuionja, akateremsha mlango wa duka mchana kweupe, tukaenda.

Sukari yake ilikuwa juu, lakini Sista Kadzo alisema tumewahi. Njia nzima ya kurudi Salim hakunisemesha, na wiki mbili zikapita hivyo. Niliupokea ukimya ule, kwa sababu ulikuwa haki yake. Nilipeleka salamu kila siku kupitia mkewe, na kila siku nilimuuliza kama amekunywa dawa.

Halafu Jumapili moja asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa yeye, amebeba mfuko wa korosho alizonunua kule Matsangoni. Akauweka juu ya meza ya jikoni.

"Nifundishe," akasema.

Nikataka kumshika mkono. Akaurudisha nyuma.

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema nifundishe."

Nikamfundisha. Yeye ana nguvu kuliko mimi, korosho zilitoa mafuta upesi, akashtuka mwenyewe. Sasa huja kila Jumapili. Halwa bado anapika, na mimi sitamwambia aache, ile ni kazi yako na ya babu. Ila mkewe ndiye anayeonja siku hizi, na anasema hakujua kama kazi hiyo ingempa furaha kiasi hicho. Jumapili iliyopita, tukiwa tunakata vipande, Salim alisema ghafla, bila kuniangalia, "Nilipomgombeza, baba alikuona?" Nikamwambia, aliniona. Akaendelea kukata. Baadaye alipokuwa akiondoka aliniwekea mkono begani, muda mfupi, akaenda zake.

Na hili ndilo lililonifanya nikae niandike leo. Sista Kadzo ameniomba niende Dabaso Jumamosi hii. Kuna kikundi cha akina mama huko, wengi wana mgonjwa wa sukari nyumbani au wanaumwa wenyewe, na wanataka kuonyeshwa vitafunio hivi. Mwanzo nilikataa. Nimezoea kusema mbele ya watoto wa miaka minne. Lakini nimefikiria kuna mwanamke miongoni mwao ambaye leo hii amemwekea mzazi wake sinia la tende kando ya kitanda, akaenda kazini akiimba. Nitakwenda. Kinu nimekwisha kukifunga kwenye gunia.

Sitaanza na korosho, baba. Nitaanza na kosa langu, na uongo wangu, na jinsi wewe ulivyoubeba. Wakishasikia hayo ndipo nitawaonyesha kutwanga. Salim amesema atakuja, atakaa mstari wa mbele kabisa, na nikianza kuzungukazunguka nisiseme kweli, atakohoa.

Mungu akupe kivuli na upepo mwema huko uliko, na akulipe kwa yale uliyoyanyamazia. Mimi sinyamazi tena.

Ni mimi,
binti yako, Zuhura