Malkia Ameota Ndevu

Baba Boke,

Wageni wako wa wilayani wanafika saa tisa. Chai iko kwenye chupa, viazi vitamu viko kwenye sufuria. Sato nimeshakaanga, ~~usiguse~~ haya, kula kipande kimoja, cha mkia.

Asubuhi hii nimetoa sinia la mama yangu, lile la zamani lenye picha ya malkia wa Waingereza, nipange vikombe papendeze. Nikakuta malkia ana ndevu! Umempaka rangi nyeusi iliyobaki ulipoandika kibao cha tawi la chama. Kukuuliza, eti mwenyekiti wa tawi hawezi kukaribisha wageni kwa kasumba ya kikoloni. Ukaenda zako kwa kinyozi kupunguza ndevu.

Sinia hilo mama alinipa siku uliyonioa. Miaka kumi ulikuwaga unakula samaki juu ya uso wa malkia huyo, na ukoloni haukukukaba kooni hata siku moja. Leo ndiyo umemwona mkoloni?

Nimesugua kwa majivu mpaka vidole vinauma. Haitoki.

Vikombe panga kwenye ungo. Mimi nimekwenda kupalilia pamba shamba la kijiji, zamu yangu na yako pia, maana wewe jembe unalishikaga kwenye hotuba tu.

Sinia nimelitundika ukutani, juu ya kiti chako. Kwa ndevu zile mmefanana kabisa. Wageni wakiuliza ni nani, waambie ni mwenyekiti.

Mama Boke