Chimba, Usipande

Sepuka, 6 Novemba 1954

Mjukuu wangu Isaka,

Marahaba, shikamoo yako nimeiona kwenye karatasi. Mimi mzima, goti tu ndilo linanigomea asubuhi. Mbuzi wazima. Mvua bado; mawingu yanakuja, yanatutazama, yanakwenda zake. Wewe je, unakula? Kwenye picha uliyonitumia shingo imekuwa kama ya mtoto wa ndege.

Naandika kwa mkono wangu. Herufi nilizofundishwa wakati wa ubatizo bado ninazo, na zinatosha kukugombeza. Katekista simpi kazi hii, maana kesho yake mambo yangu yangekuwa yanatwangwa kwenye vinu vyote vya kijiji.

Sasa. Umemaliza chuo cha ualimu. Nilikuwa nakungoja tulime. Unaniandikia kwamba wanafunzi wenzako na wewe mnakwenda Uganda, ng'ambo ya ziwa, kupanda miti kwa kujitolea. Kujitolea ndiyo nini? Nimemuuliza shemeji yangu Mughwai, mdogo wa marehemu babu yako. Alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, ni kumfanyia kazi mtu asiyekujua, naye hakupi hata maji ya kunawa." Hapa Sepuka hakuna udongo? Unavuka maji makubwa kwenda kufukua wa wenzio?

Na unajua kwa nini mimi sikucheka. Baba yako Lazaro alikwenda Kenya kwenye mashamba ya katani. Hakuniaga. Nilikuta kitanda kitupu, na wewe mtoto mchanga ukabaki mgongoni kwangu. Nilimngoja. Halafu watu wakaniletea habari kwamba amepanda migomba nyuma ya nyumba yake kule. Siku ile nikaacha kumngoja. Kwetu mtu akipanda mti mahali, amesema mahali pale ni pake. Hajarudi mpaka leo.

Najua barua hii itakukuta umeshapanda treni, kichwa chako nakifahamu. Basi sikia. Chimba mashimo, beba maji, fanya utakalo. Mche usiutie ardhini kwa mkono wako. Hata mmoja.

Ni mimi bibi yako,
Theresia

*

Kabale, Uganda, 27 Novemba 1954

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa kuwa moja haitoshi kwa jinsi ulivyokasirika. Goti linaendeleaje? Lipake mafuta ya kondoo. Mimi mzima, na nakula. Huku ni viazi vitamu, maharage, na viazi vitamu.

Tulifika salama. Kwenye meli Naftali, rafiki yangu wa chuoni, alitapika njia nzima, na sasa anawasimulia watu kwamba mtapikaji nilikuwa mimi.

Huku ni milima mitupu, na baridi yake ungeigombeza. Watu wanalima mpaka kileleni. Mvua ikinyesha, udongo unashuka wote bondeni. Mzungu wa misitu, wanamwita Bwana Miti, anataka vilele vipandwe miti iushike. Ndiyo kazi yetu.

Agizo lako nimelishika, bibi. Nachimba, Naftali anapanda. Siku ya kwanza Mwalimu Laurian, kiongozi wetu, alinijia juu:

"Wewe Isaka, mikono yako ina nini?"

"Bibi amenikataza."

"Bibi yuko wapi?"

"Singida."

"Basi hakuoni."

Naftali akasema, "Mwalimu, wewe humjui bibi yake."

Toka hapo jina langu ni Mjukuu. Wananiita hivyo hata kwenye chakula.

Lakini kazi haiendi. Tunapanda leo, kesho tunakuta miche imeng'olewa na kulazwa vizuri pembeni ya mashimo, kama watoto waliolala. Tukiuliza, wenyeji wanatazama milima. Mwalimu anataka kuomba askari walinde. Wengine wameanza kusema turudi.

Niombee.

Mjukuu wako,
Isaka

*

Sepuka, 16 Desemba 1954

Isaka,

Marahaba mbili. Goti lilelile. Mafuta ya kondoo nimepaka, sasa mbwa wananifuata.

Nimesoma barua yako mpaka hapo miche ilipong'olewa, nikapiga kigelegele peke yangu uani. Hao ni watu wenye akili! Mnatokea msikojulikana, mnatia miti juu ya kilima cha watu, halafu mnashangaa. Mngekuja kwangu, ningewang'oa ninyi wenyewe. Na huyo mwalimu wako akileta askari, basi ndiyo atakuwa amewathibitishia kwamba kilima kimeibwa. Alisomea wapi?

Kwa kuwa kazi imeshindikana, rudi. Mvua imenyesha. Kipande cha uwele nimelima mwenyewe, cha mtama kimenishinda. Mughwai ameshaniona nikichechemea. Jana alisimama mpakani, mikono nyuma, akaniambia shamba kubwa hivi halimfai mwanamke mmoja. Nikamwambia halimfai na mwanamume mmoja mvivu.

Lakini namwona anavyolitazama. Anangoja kusikia kwamba na wewe umekwenda moja kwa moja.

Bibi yako

*

Kabale, 9 Januari 1955

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya na uwele umeota. Mimi sijambo, kikohozi kidogo cha baridi.

Sijarudi kwa sababu kuna jambo limetokea, na limetokea kwa ajili yako.

Juu ya kilima tunachofanyia kazi anakaa bibi mmoja mjane. Alikuwa anakuja kila siku kukaa kwenye jiwe na kututazama. Juzi akamtuma mkwewe anayejua Kiswahili. "Mama anauliza, mbona wewe unachimba tu, hupandi? Wewe mgonjwa?"

Nikamweleza. Kwamba bibi yangu amenikataza, kwamba kwetu anayepanda mti ameshika mahali, na mimi kilima hiki si changu. Mkwe akamfasiria. Yule bibi akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Akasema, "Kumbe kati yenu yupo mmoja aliyelelewa!" Akaja, akauchukua mche mkononi mwa Naftali, akapiga magoti, akautia mwenyewe kwenye shimo nililochimba. Akakanyaga udongo. Akamtazama Mwalimu kama kuku anavyomtazama kunguru.

Ule mche haujang'olewa, bibi. Kesho yake wakaja jirani zake. Tangu siku ile sisi wote tunachimba na kubeba maji, wenye kilima wanapanda. Mwalimu Laurian naye anachimba, mikono imemtoka malengelenge.

Sasa jambo lenyewe. Bwana Miti amesikia habari hii. Ameniambia nikitaka nitasomeshwa mambo ya misitu huku, miaka miwili, kuanzia Julai, halafu nije kuifanya kazi hiyo Singida. Nataka, bibi. Sitakudanganya. Lakini sijasema ndiyo. Nitasema ukiniambia wewe. Anataka jibu kabla ya mwisho wa Machi.

Mjukuu wako,
Isaka

*

Kabale, 14 Februari 1955

Bibi,

Shikamoo. Hujambo? Sijapata neno lako. Wenzangu wameondoka, Naftali ndiye wa mwisho. Nimebaki hapa kwa yule mjane, nampasulia kuni, nangoja posta.

Kama umeumwa, mwombe hata katekista aniandikie. Kama umekasirika, nigombeze. Usininyamazie.

Isaka wako

*

Sepuka, 3 Machi 1955

Mjukuu wangu Isaka,

Marahaba. Sikuumwa. Nilikasirika. Barua yako ya Januari niliisoma mara moja, nikaichomeka kwenye paa la jiko, nikaiacha ipate moshi. Nilisema moyoni, huyu naye amekwenda. Barua ya pili ilipofika sikuifungua.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jumapili baada ya ibada Mughwai alinifuata mbele ya watu, mke wake, akina Dorika majirani zetu, wote. Akasema, "Shemeji, tusifichane. Lazaro alikwenda, mwanawe amemfuata. Nipe kile kipande cha mtama nikulimie, kisilale bure." Sauti ya huruma kabisa.

Nikamwambia, "Wewe! Lazaro aliondoka bila kuniambia hata naenda chooni. Huyu ameniuliza. Mtoto amepewa cheo na Mzungu, bado amekaa chini huko baridini ananingoja mimi, mimi hapa, niseme ndiyo au hapana. Ni nani amewahi kukuuliza wewe kitu?"

Watu walicheka, lakini mimi sikucheka. Maana nilipolisema kwa sauti ndipo nililisikia mwenyewe. Nikarudi nyumbani, goti na yote, nikafungua barua yako. Eti usininyamazie.

Basi sinyamazi. Soma hayo masomo. Mwambie Bwana Miti bibi yako amekubali, na amwandike huyo bibi jina lake, Theresia, asije akadhani umejikubalia mwenyewe. Mjane wa kilimani msalimie, mwambie amenena vizuri. Mpasulie kuni za kutosha kabla hujaondoka.

Ila hadi Julai ni mbali. Uwele umekaribia kutoa masuke, ndege ni wengi, na mtu wa kuwafukuza ni mimi na goti. Njoo kwanza nyumbani. Gari kutoka stesheni ya Itigi siku hizi lipo, ukilikosa tembea, una miguu ya babu yako. Nitakupikia ugali wa uwele mpya, na utaulia nje, mpakani, Mughwai akiona. Ule taratibu.

Halafu ndiyo uniage.

Bibi yako anayekungoja