Hela ya Kuonyesha Tu

Nyumba ya wageni nyuma ya stendi,
Chumba cha mwisho, karibu na bomba.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako, fundi cherehani uliyemwacha akishona sare za shule, na ambaye mpaka leo anashona sare za shule. U hali gani? Mgongo unaendeleaje, na kile kifua unachovutia moshi wa rangi kutwa nzima? Mimi mzima wa mwili, ila nimechoka hoi bin taabani. Nyumbani hawajambo. Mama macho yamepungua sana lakini masikio yameongezeka. Hata paka akipita uani anauliza ni nani huyo anayenyata.

Usishangae barua kukufikia kwa mkono. Anayekuletea ni dereva wa lori aliyelala chumba cha jirani na changu, ambaye hupita mbele ya gereji yenu kila safari. Simu yako haipatikani tangu mwanzo wa mwaka. Mama ameshachoka kuambiwa "labda kapoteza simu". Akanituma nije nikuone kwa macho yangu, kisha nirudi nimsimulie umekonda au umenenepa. Ndiyo maana niko huku.

Safari ya basi, kaka, usiiulize. Kiti changu kilikuwa juu ya tairi, magoti yakawa karibu na kidevu njia nzima. Miguu imevimba mpaka viatu vimenikataa, natembea na kandambili za mwenye nyumba. Mpaka wa kwanza nilivuka bila neno. Huu wa pili, wa kuingia huko kwako, ndio umenigomea.

Huku wanataka viza, na viza inataka stetimenti ya benki yenye pesa za kukulisha, kukulaza na kukurudisha kwenu. Nilijua tangu nyumbani, wala sikuja kichwa kichwa. Ukoo mzima ulijifunga kibwebwe. Shemeji, mjomba na shangazi walinitumia kila mmoja alichokuwa nacho, zikae kwenye akaunti yangu hadi viza itoke, halafu nizirudishe. Salio likanona. Kwa siku mbili nilikuwa tajiri, nikawa naichungulia ile simu na kucheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa sikia walichofanya ndugu zako. Unajua mtu akituma pesa kwa simu kuna mahali pa kuandika maelezo. Shemeji, kwa kuwa hamwamini mtu yeyote hata mkewe, akaandika: YA KUONYESHA TU, USILE. Mjomba akaandika: irudi kabla ya Ijumaa. Shangazi akaniombea dua nzuri kabisa, halafu akamalizia kwamba hiyo ni karo ya watoto. Yote hayo benki imeyachapa, neno kwa neno, ikagonga na muhuri. Nami nilikuwa na haraka ya kuwahi basi, nikatazama ile namba ya chini tu, nikakunja karatasi.

Mama wa dirishani, yule anayepokea maombi, aliisoma polepole kwa kidole. Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Dada, hii ya kuonyesha nimeiona. Yako iko wapi?"

Watu kwenye foleni waliangua kicheko, na mimi nikacheka nao maana ningefanyaje. Nje nilikaa kwenye ngazi nikalia. Sikulia kwa aibu. Nililia kwa sababu wewe uko upande wa pili pale, na mimi nimefika hapa nimekwama.

Jioni ile ile nilirudisha pesa za watu, kila mmoja na chake, kabla shemeji hajapata presha. Nimebaki na yangu mwenyewe, ya sare.

Mama wa dirishani si mtu mbaya. Kesho yake aliniita pembeni akaniambia kuna njia nyingine: mwenyeji wangu aandike barua kwamba ana chumba na atanilisha, aambatanishe mkataba wa nyumba. Nikafurahi sana. Nikamtafuta dereva wa lori nimwombe akufikishie maneno hayo. Nikamweleza, kaka yangu ni yule fundi rangi mrefu, ana nyumba yenye kibaraza cha vigae, alitutumia picha. Dereva akasema taratibu, "Mbona yule bwana analala hapo hapo gereji? Kwenye lile basi bovu, siti ya nyuma."

Sikukuandikia nikuchambe, kaka. Ila ile picha Mama ameiweka ukutani, na kila mgeni anaonyeshwa kibaraza chako. Niliposikia maneno ya dereva nilijua kwa nini simu haipatikani. Imeniuma, nakuficha nini. Miaka yote hiyo unatubebea mzigo wa kutufurahisha, nasi tulikuwa tunataka kukuona tu.

Basi usinitumie barua ya mwenyeji. Usiende kuazima mkataba wa mtu. Mimi na vitu vya kuonyesha tumeshamalizana.

Jana nilirudi tena dirishani. Yule mama akadhani nimeleta stetimenti nyingine, akaanza kuvaa miwani. Nikamuuliza, mtu akitokea huko anarudi kwao, anapita tu hapa, anatakiwa aonyeshe pesa kiasi gani? Akasema hatakiwi kuonyesha chochote. Tiketi ya basi na pasi yake, basi.

Nimezihesabu pesa zangu za sare. Kwa viza hazitoshi hata robo. Kwa nauli ya watu wawili kurudi nyumbani zinatosha, na chai ya njiani.

Dereva anageuza kuja huku Alhamisi na amesema kiti cha mbele kiko wazi. Nitakuwa hapa kwenye benchi la stendi, na tiketi zetu mbili na hizi kandambili za watu. Njoo na nguo ulizovaa.

Shemeji anakusalimu, mjomba na shangazi pia. Wakikuona watakusema siku moja, halafu watakuandalia mahali pa kulala. Mungu akulinde njiani, na akulainishie moyo kabla hujaanza ubishi wako. Mama yeye hajui habari za lile basi na mimi simwambii. Alichoniagiza ni kwamba nikikupata nikushike uso kwa mikono miwili, nimpelekee alichokiona kiganja changu. Afadhali ashike mwenyewe.

Wako akupendaye na anayekungoja,
Mdogo wako wa cherehani.